Jumamosi nne, mstari mmoja: darasa la hadithi fupi Magomeni

Mstari wa kwanza wa hadithi yangu, ule niliolipia shilingi 60,000, una maneno 12. Ukigawa, kila neno ni buku tano, na sijalijutia hata moja. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye hadithi iliyokwama mwanzoni, kama yangu ilivyokwama miaka miwili, ajue kuna mahali pa kuipeleka. Ajue pia na yale ambayo mimi sikuyapenda, asije akasema hakuambiwa.

Mimi ni wakala wa tiketi za mabasi Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam. Nilianzia Ubungo, nikahamia huku stendi ilipofunguliwa 2021. Saa kumi alfajiri niko kibandani, na mpaka mabasi ya asubuhi yaishe kutoka sina hata nafasi ya kunywa chai. Kuanzia saa tano hivi panatulia, na huo ndio muda wangu wa kuandika. Naandika kwenye kaunta buku lile lile la hesabu, kwa kurasa za nyuma. Hadithi ninayoizungumzia inamhusu mama aliyekuja dirishani kwangu kununua tiketi ya Songea. Nilipoimaliza nilimpa mke wangu aisome. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akaniuliza kwa upole tu, "Baba watoto, huyu mama anaingia saa ngapi?"

Mama alikuwa anaingia ukurasa wa tatu.

Nilijua tatizo liko mwanzoni, ila sikujua la kufanya. Mwaka jana nikamlipa mtu mmoja shilingi 35,000 kwa simu, alikuwa anatangaza mafunzo ya uandishi mtandaoni. Nilichopata ni faili moja lenye "mistari 100 ya kuanzia hadithi". Hakuna somo, hakuna wa kumuuliza, na kila nilipopiga simu haikupokelewa. Mistari yenyewe imetafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine. Wa kwanza kabisa ulikuwa huu: "Ulikuwa usiku wa giza na dhoruba." Niliubandika juu ya hadithi yangu, nikausoma kwa sauti, nikaufuta. Mama yangu wa Songea alikuja saa tatu asubuhi, jua limeshawaka, mkononi ana ndoo ndogo ya plastiki imefungwa kwa kanga. Dhoruba ningeitoa wapi?

Hili darasa la Magomeni nililisikia kwa abiria wa Iringa aliyekuwa anasubiri gari huku anasahihisha karatasi kwa penseli. Mwalimu ni mama mstaafu, amefundisha Kiswahili sekondari zaidi ya miaka 30. Hatangazi popote, na ameniomba nisiweke jina lake wala namba yake. Anapokea watu kwa kuletana. Kama huna wa kukuleta, waulize wauza vitabu vya mitumba wa kule Posta, kwa sababu ananunua kwao na wanamfahamu. Ada ni 60,000 kwa Jumamosi nne, saa tatu mpaka saa sita mchana, sebuleni kwake. Chai na vitumbua vimo humo humo. Mimi napanda basi la mwendokasi Kimara, nashuka Magomeni Mapipa, halafu natembea dakika kama kumi.

Tulikuwa wanane. Kulikuwa na dada wa duka la dawa, kijana wa Mombasa anayefanya kazi Kariakoo, mzee mstaafu wa reli ya TAZARA, mabinti wawili wa chuo, mama mmoja mpishi wa shule, na kaka mmoja ambaye muda wote hakusema anafanya kazi gani. Mwalimu alitupokea salamu, tukakaa, akakusanya hadithi zetu. Sharti lake ni kwamba uje na hadithi iliyokwisha, imeandikwa kwa mkono. Kisha akazisoma zote pale pale, kimya, sisi tunakunywa chai. Ilichukua karibu saa nzima. Nilifikiri ni muda unapotea. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hiyo saa ndiyo sehemu kubwa ya niliyoilipia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunisoma vile, kidole chini ya mstari, anarudi nyuma, anasogea mbele.

Alipofika kwangu nilimwona anafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tatu penseli ikasimama. Akachora kimstari pembeni, akanigeuzia karatasi.

"Mwanangu, hadithi yako inaanzia hapa. Huko nyuma kote ulikuwa unatafuta siti."

Naomba niweke hapa nilichokuwa nimeandika, ili mtu aone. Mwanzo wangu ulikuwa huu: "Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi na mapema, jua likichomoza kwa madaha, ambapo stendi ya mabasi ilikuwa imefurika abiria wa kila aina waliokuwa wakielekea mikoani." Baada ya hapo nilieleza wapiga debe, wauza maji, mizigo, vumbi, bei ya nauli. Kurasa mbili na nusu. Na pale alipochora palikuwa na maneno ya yule mama mwenyewe, ambayo niliyaandika kama alivyoyasema: "Naomba tiketi moja ya Songea, ya kwenda tu."

Mwalimu akaniuliza, "Kwenu mnauza tiketi za kwenda na kurudi?"

Nikamwambia hapana. Kibandani kwetu kila tiketi ni ya kwenda tu, na anayerudi anakata nyingine huko aliko.

"Sasa kwa nini alisema?"

Sebule yote ilinyamaza wananitazama. Mimi niliyemkatia tiketi yule mama, niliyemwandika kurasa 14, sikuwahi kujiuliza hilo swali. Alisema jambo ambalo halikuwa na haja ya kusemwa. Nililisikia, nikaliandika, nikalifukia chini ya vumbi la stendi.

Kama darasa lingeishia hapo, Jumamosi ya kwanza, ningekuwa nimepata thamani ya hela yangu.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya lugha, na hapa ndipo faili la mistari 100 lisingeweza kunisaidia hata lingekuwa na mistari elfu. Mwalimu ana ubao mdogo wa chaki ameuegemeza kwenye kabati la vyombo. Akaandika: Mama aliondoka. Mama ameondoka. Mama kaondoka. Mama huondoka. Akatutaka tuseme kila mmoja wetu anaona nini. "Aliondoka", tukakubaliana, imeshapita, msimuliaji yuko mbali, ana muda wa kusimulia. "Ameondoka", kiti bado kina joto lake, na mtu anayesema huenda bado amesimama mlangoni. "Kaondoka" ni ya jirani anayekuja kukuambia, ina pumzi ya mtu. "Huondoka" ndiyo iliyotutia ubaridi wengi, kwa sababu ina maana kuna watoto waliozoea. Herufi mbili tatu tu zimebadilika mbele ya kitenzi, na kila moja imefungua nyumba nyingine. Maisha yangu yote naitumia hii lugha, nakata tiketi kwayo, na sikuwahi kuitazama hivyo.

Akaja kwenye "mama mmoja", "mama yule" na "yule mama". Hapa alikaa sana, na mimi pia nitakaa kidogo. Ukisema "mama mmoja alikuja dirishani", unamwanzia msomaji sifuri, hamjui na wewe unajua hamjui. Ukisema "mama yule", ni kama unamnyooshea kidole, kuna wengine na yeye ndiye. Lakini "yule mama" ni namna tunavyomtaja mtu tunayemfahamu wote wawili. Ukianza nayo hadithi, msomaji ndiyo kwanza anamsikia, ila anajiona kama aliyechelewa kidogo kwenye mazungumzo, basi anasogeza kiti asikie. Kijana wa Mombasa akasema kwao bibi zake husimulia hivyo hivyo, wanaanza na "yule" hata kama hujui ni nani. Mwalimu akafurahi kweli, akampa kitumbua cha pili.

Huyo kijana alikuwa na shida ya peke yake. Amesoma Kenya, huko shuleni wakiandaliwa kwa KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na insha yake ilianza kwa "Wahenga na wahenguzi walinena ya kwamba mchelea mwana kulia, hulia yeye." Mwalimu hakumcheka. Alisema huo ni ufundi halali, umejengwa kwa ajili ya msahihishaji anayehesabu methali ili atoe alama, na kijana ameumudu vizuri. Ila anayesoma hadithi fupi hana kalamu nyekundu mkononi, na anaweza kuifunga wakati wowote. Akamwambia, "Jifanye unampigia mama yako simu. Hii habari ungemwanzia vipi?" Kijana akatazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, leo nimemwona baba Kariakoo, anauza maji."

Sitasema zaidi kuhusu hadithi yake, ni mali yake. Ila nilikuwepo sentensi hiyo ilipotoka kinywani mwake, na mama mpishi aliyekaa karibu yangu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mwalimu aliturudisha pia kwenye mambo ya kwetu ambayo tunayachukulia ya watoto. Paukwa! Tukaitikia wote, Pakawa! Akaendelea: kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kaka. Akatuuliza kama tumegundua kwamba inaanza na kitenzi chenye "ka", ambacho kwa kawaida kinafuata kingine, kana kwamba kuna jambo limeshatokea kabla hatujafika. Halafu akasema neno ambalo nimeliandika kwa herufi kubwa nyuma ya kaunta buku langu: msimulizi wa jioni anaanza akiwa tayari ameshaitikiwa. Watoto wakisema "Pakawa" wameshakubali kusikiliza, hata kabla ya neno la kwanza la hadithi. Kwenye karatasi hakuna wa kukuitikia, kwa hiyo mstari wa kwanza unabeba kazi mbili, kuita na kufanya uitikiwe.

Akatupa na Mwana Kupona, ule utenzi wa 1858 aliomwandikia binti yake, unaoanza "Negema wangu binti". Kwa lugha ya leo, sogea karibu, binti yangu. Mama anaumwa, ana wosia wa kutoa, na kabla ya wosia kwanza anamwita mtoto akae karibu. Kila anayesoma utenzi ule, hata mwanaume mzima kama mimi, anajikuta amekaa mahali pa yule binti. Mimi niliusoma shuleni kwa ajili ya mtihani na sikuhisi chochote. Safari hii nilihisi.

Jumamosi ya tatu ni ya pazia, na ndiyo inayosimuliwa sana na waliopita pale. Kuna pazia la kitenge kati ya sebule na korido. Unakwenda nyuma ya pazia, unasoma mstari wako wa kwanza tu, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Huoni mtu na hakuna anayekuona. Wanaotaka kusikia mstari wa pili wananyoosha mkono, Mwalimu anahesabu na kukutajia idadi. Hakuna maelezo wala pole.

Mara ya kwanza nilisoma: "Naomba tiketi moja ya Songea, ya kwenda tu." Mikono miwili kati ya saba. Nilishangaa, maana ndiyo ile ile iliyonyamazisha sebule wiki mbili nyuma. Tulipojadili nikaelewa. Wiki ile sebule ilinyamaza kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimewaambia kwa mdomo kwamba tiketi zote za kibandani kwangu ni za kwenda tu. Msomaji wa kawaida hajui. Kwake yeye ni mtu ananunua tiketi, basi. Kilichofanya maneno yale yaume kilikuwa kichwani mwangu, hakikuwa kwenye karatasi.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlangoni na penseli. Nikajaribu: "Kibandani kwangu hatuuzi tiketi za kwenda na kurudi, lakini mama mmoja alikuja akataka ya kwenda tu." Ndefu, na inajieleza kama tangazo. Nikatoa kibanda. Nikatoa kurudi. Nikaweka "yule mama". Nikakwama kwenye kitenzi: alisema, alitaja, alisisitiza. "Alisisitiza" ni neno la taarifa ya habari. "Alisema" halina kitu. Dada wa duka la dawa alikuwa amekaa ngazi ya juu yangu na karatasi yake, akaniambia kwake dukani wateja wengine wanauliza mara tatu kama dawa ni ya usingizi kweli, huku maandishi yako kwenye boksi. Akasema, "Wanataka kuhakikisha." Nikamshukuru na kuliomba lile neno.

Nikarudi nyuma ya pazia: "Tiketi zetu zote ni za kwenda tu, ila yule mama alitaka kuhakikisha."

Mikono mitano.

Tulibishana pia "ila" au "lakini". Mzee wa reli alitaka "lakini", kwamba ndiyo sahihi. Mwalimu akasema zote ni sahihi, tusome kwa sauti tuone. "Lakini" inasimamisha gari. "Ila" inapunguza mwendo tu, na ndivyo tunavyosema dirishani. Ikabaki "ila".

Huyo mzee wa reli ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sikulitegemea, kwamba mstari unaweza kuwa mkali kupita kiasi. Alikuja na huu: "Treni ilipofika Mlimba, dereva hakuwemo." Nyuma ya pazia alipata mikono yote saba, na mmoja wa mabinti alipiga kelele kabisa. Mwalimu akamuuliza dereva alikuwa wapi. Mzee akaeleza kwamba, kwa kweli, dereva alikuwa amehamia behewa la nyuma kuzungumza na mtu, msaidizi ndiye alikuwa kwenye injini, na hadithi yenyewe si ya dereva, ni ya ndoa yake yeye, mzee, na miaka aliyokuwa safarini kati ya Dar na Kapiri Mposhi, Zambia. Mwalimu akamwambia taratibu, "Mzee wangu, mstari huu umekopa. Una cha kulipa?" Mzee akawa mkweli, akasema hana. Ilimuuma, ilionekana. Jumamosi ya nne akaja na mwingine: "Mke wangu aliijua ratiba ya treni kuliko mimi." Mikono sita. Na safari hii hadithi ilikuwa na uwezo wa kulipa kila senti, kwa sababu ndiyo habari aliyokuwa nayo tangu mwanzo, mwanamke anayehesabu saa.

Ndipo nikamweleza Mwalimu kuhusu faili langu la mistari 100 na ule usiku wa dhoruba. Akaujua mara moja. Akasema umetoka kwenye riwaya ya Mwingereza Edward Bulwer-Lytton ya mwaka 1830, na umesifika kwa ubaya kiasi kwamba 1982 chuo kikuu cha San Jose kule California kilianzisha shindano la kubuni mianzo mibovu kwa makusudi, likapewa jina lake. Nilikuwa nimeuziwa huo kama mfano wa kuiga. Hakusema lolote juu ya aliyeniuzia. Alinionyesha badala yake mwanzo wa Mrusi Chekhov, hadithi ya 1899 ya bibi mwenye kijibwa, mji wa Yalta. Inaanza na watu wakisema kwamba kuna mgeni ameonekana ufukweni. Yaani inaanza na umbea! Hakuna jua, hakuna bahari iliyoelezwa, ni minong'ono tu ya watu walioko likizo na hawana la kufanya. Nikacheka kwa furaha, kwa sababu stendi nzima ndivyo inavyoongea.

Sasa nije kwenye yale nisiyoyapenda.

Hakuna notsi. Usipoandika mwenyewe, umepoteza. Simu hairuhusiwi hata kupiga picha ubao, na mimi niliyetoka kazini usiku nilikuwa nasinzia nikikosa mambo. Muda hauheshimiwi upande wa kumaliza: saa sita inafika saa saba na nusu, na mwenye zamu ya mchana atapata shida na bosi wake. Sebule ni ya joto kali, feni ni moja na inamwelekea Mwalimu.

Kubwa zaidi, Mwalimu hazithamini hadithi za upelelezi. Dada wa duka la dawa anaandika hizo, na anaziandika vizuri. Mwanzo wake ulikuwa na maiti, na Mwalimu alimwambia maiti ni njia ya mkato. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kwenye hadithi ya upelelezi maiti ndiyo mzigo wenyewe, na swali ni nani anaipata na alikuwa anafanya nini. Yule dada alitoka na mstari mzuri kuhusu mwanamke anayerudisha dawa ambayo hakuinunua yeye, lakini nahisi alisaidiwa na sisi wenzake kuliko Mwalimu. Kama unaandika upelelezi, nenda, ila jiandae kujitetea.

Pia darasa linakuachia mlangoni. Ni Jumamosi nne za mwanzo tu, hakuna hata nusu saa juu ya mwisho wa hadithi, na mstari wa pili unabaki wako na Mungu wako. Mimi wa pili ulinichukua wiki tano.

Lakini niseme faida iliyonigusa moja kwa moja. Nilipoondoa zile kurasa mbili na nusu na mengine yaliyokuwa yanazitegemea, hadithi ilishuka kutoka maneno zaidi ya 6,000 hadi 4,300. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola inapokea hadithi za Kiswahili, kati ya maneno 2,000 na 5,000, na haina ada ya kuingia. Kabla ya hapo hadithi yangu isingetimiza hata sharti la urefu. Sasa inatimiza, na nitaituma.

Na mke wangu aliisoma tena. Alisoma akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi, ugali ukaanza kushika chini, hakugeuka. Alipomaliza hakuniuliza mama anaingia saa ngapi. Aliniuliza, "Kwa hiyo kule Songea alipokelewa na nani?" Hilo ndilo swali ambalo hadithi nzima inalizunguka, na sikuwa nimemwambia.

Kwa anayekwenda: awamu nyingine zinaanza kila baada ya miezi miwili hivi, na nafasi ni nane tu. Lipa nusu kabla, nusu siku ya kwanza, taslimu. Beba penseli, si kalamu, Mwalimu anataka uweze kufuta. Beba maji yako. Na uwe na hadithi iliyokwisha, hata kama ni mbaya. Awamu yetu kuna kaka mwingine, nje ya sisi wanane, alikuja na wazo tu kichwani, Mwalimu akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamrudishia hela yake akamwambia aje awamu ijayo akiwa ameandika.